Kompyuta yako, admini wewe, na bado inakukatalia: dhana potofu na ukweli kuhusu ruhusa

Unabadilisha kitu kidogo tu, saa, jina la mashine, adresi ya mtandao, inakugomea na "Access is denied". Kosa lenyewe haliniumi sana, kinachoniuma ni ushauri unaozunguka wa namna ya kuliondoa, maana mwingi unaharibu mashine iliyokuwa nzima kabisa.

Tuanze na hii, "mimi ndo admini kwa hiyo naruhusiwa kila kitu".

Hapana, na imekuwa hapana tangu Windows Vista ilipoingia sokoni 2007. Vista ndo ilileta UAC, kile kidirisha kinachotia skrini giza na kukuuliza unakubali au la. Ukiingia na akaunti ya admini Windows inakuandalia tiketi mbili, moja ya mtumiaji wa kawaida na nyingine yenye nguvu zote, na programu unazofungua zinaanza na ile ya kawaida mpaka ukubali kwenye kile kidirisha. Ndo maana ukifungua Command Prompt hivi hivi ukaandika amri ya kubadili setingi inakataa, ukiifunga ukaifungua tena kwa kubofya kulia na kuchagua "Run as administrator" amri ile ile inapita bila neno, na hakuna aliyekuongezea cheo hapo katikati. Kama huamini andika whoami /groups kisha tafuta mstari wa Mandatory Label, ukiona Medium uko na tiketi ya kawaida, ukiona High uko na ile kubwa. Kosa namba 740 nalo linasema hivyo hivyo, kwamba programu inahitaji tiketi kubwa, halina siri nyingine. Watu wanahangaika siku nzima na kosa ambalo dawa yake ni huko kubofya kulia tu!

Wengine watakwambia zima UAC kabisa ili iache kusumbua. Kidirisha hakitakuja tena kweli, ila sasa kila programu itakayoomba nguvu inapewa kimya kimya bila wewe kujua, hata ile uliyoipakua jana usiku bila kuiangalia vizuri. Na mafaili ya mfumo yaliyokuwa yanakukatalia yataendelea kukukatalia vile vile, kwa hiyo umetoa mlinzi mlangoni na shida yako iko pale pale.

Sasa hii ndo kubwa kwangu: "chukua umiliki wa folda nzima, kisha jipe Full control". Niliwahi kuifuata. Faili moja ndani ya C:\Windows lilinigomea, nikachukua umiliki wa folda lote na vilivyomo, likafunguka nikafurahi, baada ya hapo apdeti zikaanza kufeli na baadhi ya huduma hazikuwaka tena, nikaishia kupiga Windows upya. Nilichokuwa sijui ni kwamba mafaili mengi ya mfumo mmiliki wake ni TrustedInstaller, akaunti ya Windows yenyewe ya kusakinisha apdeti, sio admini, na admini kapewa kuyasoma na kuyaendesha tu, makusudi kabisa, ili programu mbaya ikiingia na nguvu zako isiyachezee kirahisi. Ukishabomoa ruhusa za folda zima hakuna kitufe cha kuzirudisha zilivyokuwa, na sfc /scannow inarekebisha mafaili yaliyoharibika, usiitegemee ikurudishie ruhusa. Kama kweli ni lazima, gusa faili moja, anza kwa kuhifadhi ruhusa zake kwa amri ya icacls /save, na ukimaliza rudisha umiliki kwa NT SERVICE\TrustedInstaller. Folda zima usiguse, nakusihi.

Ukikuta setingi imefifia na juu yake pameandikwa kwamba inasimamiwa na shirika lako, na mashine ni yako ya nyumbani, wengi wanadhani wamedukuliwa. Mara nyingi ni programu za kurahisisha au kuharakisha Windows, zile zinazozima vitu kumi kwa kubofya mara moja, zimeandika sera kwenye rejistri, ile hifadhi ya setingi za Windows, chini ya HKLM\SOFTWARE\Policies na hazikukwambia. Toa ripoti ya sera kwa amri ya gpresult /h, ikiwa haina sera inayohusu hiyo setingi basi kuna uwezekano mkubwa kitu kimeandikwa moja kwa moja kwenye rejistri. Lakini kama mashine ni ya kazini tulia uongee na mtu wa IT, hata ukiifuta hiyo sera mwenyewe inaweza kurudi, kwa kawaida Windows inazipitia upya kila baada ya dakika 90 hivi. Defender, antivirus ya Windows, nayo ikikataa mabadiliko yanayopitia rejistri, hiyo ni Tamper Protection, kinga yake ya kutochezewa, inafanya kazi yake, fungua Windows Security ubadilishie humo humo.

Walio kwenye Linux nao wana yao, chmod -R 777, amri inayompa kila mtu ruhusa zote kwenye folda na vilivyomo. Ukiipiga kuanzia kwenye mzizi wa mfumo unaifuta alama ya setuid, ile inayoifanya programu iendeshwe kwa nguvu za mmiliki wake, kwenye sudo yenyewe, amri ya kukupa nguvu za admini, yaani ile amri uliyotegemea ikuokoe inakataa kufanya kazi, na ssh, ile ya kuingia mashine nyingine kwa mtandao, itakataa funguo zako kwa sababu zimeachwa wazi kwa kila mtu. Wakati tatizo mara nyingi ni dogo mno, mtu kaandika sudo echo halafu akaelekeza matokeo kwenye faili la /etc kwa alama ya >, inagoma, anashangaa wakati sudo ipo. Anayefungua lile faili ni sheli yake yeye wa kawaida, yaani programu inayopokea amri anazoandika, sio echo, tumia sudo tee, inayoandika faili yenyewe, inapita. Na kama umejiongeza kwenye kundi jipya na bado unakataliwa, toka kwenye akaunti uingie tena, kikao cha zamani hakijui kama umeongezwa.

Kwenye Mac dhana ni kwamba sudo haishindwi. Tangu El Capitan ya 2015 kuna SIP, ulinzi wa mafaili ya mfumo, hata root, yule admini mkuu, hayagusi. Soma neno lenyewe, "Permission denied" kwa kawaida ni ruhusa za faili na sudo inaweza kusaidia, ila ukipata "Operation not permitted" na sudo umeshaweka, aliyekuzuia ni SIP au ulinzi wa faragha, na kama ni huo wa faragha, ipe Terminal ruhusa ya Full Disk Access kwenye setingi, basi.

Na sio kila kukataliwa ni ruhusa. 0x80070005 ndiyo, hiyo ni ruhusa, lakini 0x80070020 ni faili limeshikwa na programu nyingine, hapo funga hiyo programu au zima uwashe, ruhusa ziache zilivyo.