Kufunga programu za chinichini maana yake nini?

"Nimefunga kila kitu, mwanangu," aliniambia mzee mmoja aliyeleta laptopu yake pale saiba ninapofanya kazi, Mombasa, si mbali na Makadara. Alikuwa anaweka programu ya printa mpya, na kila akijaribu inafika nusu na kuganda. Skrini ilikuwa tupu kweli. Nikamwambia, "Ami, hebu tazama hapa kando ya saa," nikabofya kile kimshale kidogo. Vikatokeza vialama tisa.

Hizo ndizo programu za chinichini: zinafanya kazi bila kukuonyesha dirisha. Ile X ya pembeni hufunga dirisha, lakini programu yenyewe huenda ikabaki macho. Nyingine hata hukuziwasha wewe. Siku ulipoziweka zilijipangia ziwake kila kompyuta inapowaka: ya kupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, ya kutafuta masasisho, ya kungoja simu. Watu hulalamika kwamba zinakula kumbukumbu. Ni kweli, lakini huo ni uzito tu. Mgongano ni kitu kingine.

Anayeijua Mji wa Kale ameona mikokoteni miwili ya maji ikikutana kwenye kichochoro. Hakuna uliovunjika, na kila msukumaji ana haki ya kupita, ila njia ni moja na hakuna pa kugeuzia. Programu nazo hugongana hivyo. Moja imeshika faili, nyingine inataka kuliandika upya, basi inangoja, au inakata tamaa na kukutolea ujumbe usioeleweka. Ndiyo maana flashi hukataa kutolewa na kompyuta ikasema bado inatumika, ilhali wewe ulishafunga barua yako zamani. Kwa yule Ami, programu ya printa yake ya kwanza, aliyoitupa mwaka jana, ilikuwa bado imeng'ang'ania mafaili yaleyale ambayo mpya ilitaka kuyabadilisha.

Mgongano mbaya kuliko yote ninaokutana nao ni wa programu mbili za kuzuia virusi. Mafahali wawili, zizi moja. Kila faili linapofunguliwa, zote mbili hurukia kulikagua, na wakati mwingine moja huiona nyenzake kama ndiye mwizi. Defender ya Windows ina adabu: ikiona umeweka nyingine, kwa kawaida hujiweka kando. Zile za kuongeza hazina adabu hiyo. Hapo usihangaike kuzima, ondoa moja kabisa.

Kufunga kwenyewe ni rahisi. Hifadhi kazi zako kwanza, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager, orodha ya programu zote zinazofanya kazi, ambayo imekuwamo tangu Windows NT 4.0 ya mwaka 1996. Chagua programu unayoishuku, bofya End task. Usitarajie ikuulize kama umehifadhi.

Jina usilolijua liache. Siku zangu za mwanzo niliifunga explorer.exe ya mteja nikidhani ni takataka. Upau wa chini na vialama vyote vikatoweka, na mwenye mashine akanitazama kana kwamba nimemwibia. Bahati Task Manager ilikuwa bado wazi: nikaagiza kazi mpya, nikaandika explorer.exe, mambo yakarudi. Ukiiua csrss.exe, ambayo ni nguzo ya Windows yenyewe, hutapona kirahisi hivyo, kompyuta nzima huanguka.

Kama humjui mkosaji, usifunge ovyo. Andika msconfig kwenye kisanduku cha kutafutia, ufungue mipangilio ya jinsi Windows inavyowaka, nenda penye huduma (Services), yaani programu za chinichini zisizo na dirisha, ficha kwanza zile za Microsoft, halafu zima nusu ya zilizobaki na uwashe upya. Tatizo likiisha, mkosaji yumo katika nusu uliyoizima, nawe unaigawa tena. Likibaki, washa hizo na uzime nusu ya pili. Huduma thelathini humalizika kwa kuwasha upya mara tano hivi. Inachosha, hasa umeme ukikatika katikati, lakini mimi naiamini kuliko kubahatisha.

Kumbuka kwamba End task ni ya leo tu. Kesho ukiwasha, programu inarudi, mpaka uiondoe au uizuie kwenye orodha ya zinazojiwasha, ambayo tangu Windows 8 imo humo humo ndani ya Task Manager.

Niliifunga ile ya printa ya zamani, programu mpya ikapita hadi mwisho, kisha nikaiondoa ile ya zamani moja kwa moja. Vikabaki vialama vinane. Nikamuuliza Ami kama nipunguze vingine. Akasogeza miwani, akaweka kidole kwenye kimoja.

"Hiki usikiguse. Mjukuu wangu hunipigia humu kutoka Doha."

Nikakiacha.