Kwa nini serikali ya ubaguzi hukubali mazungumzo

Serikali ya kibaguzi hukubali kuzungumza na wapinzani wake pale inapotambua kwamba nguvu ilizonazo bado zinatosha kuwazuia wasiiangushe, lakini hazitoshi tena kuwafanya watawalike. Afrika Kusini inaonyesha jambo hili waziwazi. Rais F. W. de Klerk alipokiondolea marufuku chama cha ANC, kilichopinga ubaguzi, tarehe 2 Februari 1990, jeshi lake lilikuwa imara, na wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC, hawakuwa karibu kuiteka Pretoria. Wanaosema Makaburu walishindwa vitani wanakosea, na wanaosema waliingiwa na huruma wanakosea zaidi.

Kilichowabana ni gharama ya kutawala. Wakazi wa vitongoji vya Waafrika waligoma kulipa kodi za nyumba, na hali ya hatari iliyotangazwa nchi nzima Juni 1986 ilijaza mahabusu bila kurudisha utii. Kabla ya hapo, mwaka 1985, benki ya Chase Manhattan ilikataa kuongeza muda wa mikopo yake, nyingine zikafuata, randi ikaporomoka, na serikali ikalazimika kufunga soko la hisa kwa siku kadhaa na kusitisha ulipaji wa sehemu kubwa ya madeni ya nje.

Novemba mwaka huohuo, waziri wa sheria, Kobie Coetsee, alimtembelea Nelson Mandela, kiongozi wa ANC aliyekuwa kifungoni, katika hospitali moja ya Cape Town alikofanyiwa upasuaji wa tezi dume, na mfungwa akamkaribisha waziri kama mwenye nyumba anavyompokea mgeni. Coetsee hakuahidi lolote siku hiyo, lakini mlango ulikuwa umefunguka, na kuanzia 1988 mkuu wa idara ya ujasusi, Niel Barnard, alikutana na Mandela mara nyingi kwa siri.

Mbona basi ilichukua miaka mingine kadhaa? Kwa sababu mtawala huchagua saa anayodhani itampa bei nzuri. Ukuta wa Berlin ulipoanguka Novemba 1989, De Klerk aliona kwamba ANC inampoteza mfadhili wake wa Kisovieti, akatumaini kujadiliana na chama kilichodhoofika na kuipatia jamii ya Wazungu kinga ndani ya katiba. Ndiyo maana mkutano wa CODESA, uliowakutanisha serikali, ANC na vyama vingine kujadili katiba, ulikwama Mei 1992 katika ubishi juu ya asilimia ya kura itakayotosha kupitisha katiba mpya.