Bunduki ikishikiliwa haijataifishwa

Mara ya kwanza nililisikia onyo hili kwa kinyozi nikanyamaza. Mara ya pili lilikuwa kwenye sauti ya WhatsApp ya dakika nne, mzee mmoja aliyeko Marekani akiwaonya wenzake: ukigombana na mkeo akapiga 911, namba ya dharura ya huko, polisi wanakuja "kukunyang'anya" bunduki, kisha "inataifishwa". Maneno mawili, na yote yamekosewa.

Jambo lenyewe ni fupi. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, askari akiitwa kwenye ugomvi wa nyumbani sheria inamtaka aondoke na silaha. California inahusu ugomvi wenye kipigo au tishio kwa uhai, na silaha inayochukuliwa ni ile inayoonekana wazi au iliyopatikana kwa upekuzi halali, mfano mwenyeji akiridhia. New Jersey, kwa sheria ya 1991, askari akiwa na sababu ya kuamini kwamba ukatili umetendeka, awaulize waliopo kama kuna silaha ndani. Hasira bado ya moto, na bastola iko kwenye droo.

Sasa maneno. Kunyang'anya ni kuchukua cha mtu kwa nguvu bila haki. Tanzania, unyang'anyi wa kutumia silaha ni kosa la miaka 30 jela. Kenya wanauita wizi wa mabavu. Ukisema askari kamnyang'anya mtu bastola, umeshamtia askari hatiani kabla hujamaliza sentensi. Labda ndiyo nia yako, lakini basi useme hivyo.

Kutaifisha ndiko kunakonikera zaidi, maana neno lenyewe linajieleza: ndani yake mna taifa. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, benki zilitaifishwa, yaani zikawa mali ya umma. Mahakama ikitaifisha gari la magendo, mwenyewe ameshalipoteza. Askari aliyesimama sebuleni kwako saa nne usiku hana uwezo huo.

Anachofanya ni kushikilia. Shika, ukiirefusha ikawa shikilia, ni kushika bila kuachia, kama tupa inavyozaa tupilia. Na neno hili tunalo magazetini kila siku: "Polisi wanamshikilia mtu mmoja kwa tuhuma za wizi." Hakuna msomaji anayedhani huyo keshafungwa. Bunduki nayo ni hivyo hivyo, iko mahabusu.

Na mahabusu yake ina karatasi. California askari anakuachia risiti yenye namba ya silaha, mahali pa kuifuata na lini. Inakaa si chini ya saa 48. Kama si kielelezo cha kesi, na unaimiliki kihalali, baada ya hapo unaweza kuidai. Polisi wakiona kuirudisha ni hatari, wana siku 60 za kwenda mahakamani kupinga. New Jersey ni siku 45, na anayekwenda ni mwendesha mashtaka wa kaunti. Mali inaweza kupotea hapo, mbele ya hakimu.

Wengine huchanganya hili na amri ya ulinzi, ile ya kumzuia mtu asimdhuru wala kumtishia mwenzake. Hiyo hutoka kwa hakimu, na sheria ya shirikisho ya 1994 inamkataza aliyewekewa amri ya namna hiyo kumiliki bunduki. Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali sheria hiyo 2024 kwa kura 8 kwa 1. Mahakama hiyo hiyo, 2021, majaji wote tisa walikataa hoja kwamba polisi wa Cranston, Rhode Island, waliruhusiwa kuingia nyumbani na kuchukua bastola bila hati kwa sababu tu walikuwa "wanajali usalama wa jamii". Mke alikuwa ameomba mumewe akaangaliwe hali baada ya ugomvi wa usiku uliotangulia.

Mzee wangu wa WhatsApp, nia yako naiona, ni njema. Ukirekodi tena sema "wanaishikilia", na uwakumbushe wasiitupe ile risiti.