Si kila Mmarekani Mweusi mwenye pesa hukimbilia shule binafsi

Wengi hudhani Mmarekani Mweusi akishapata pesa, mtoto anaenda moja kwa moja shule binafsi. Sivyo. Kaunti ya Prince George's, Maryland, ina familia nyingi za Weusi zenye kipato kizuri, na nyingi zinasomesha shule za umma. Mzazi haulizi ada tu. Mwanangu atakuwa Mweusi peke yake darasani? Akikosea, ataonywa kama wenzake au atasimamishwa masomo? Swali hilo linauma, maana takwimu za serikali zinaonyesha wanafunzi Weusi husimamishwa zaidi kuliko Wazungu. Michelle Obama mwenyewe alisoma Whitney Young, shule ya umma ya Chicago inayochuja wanafunzi. Binti zake wakasoma Sidwell Friends, ya binafsi.