Unga wa mteja wa jana umefikaje kwenye kapu hili?

Wanafunzi ninaowafundisha Python, wakifika kwenye fanksheni zinazopokea kamusi (dict, yaani funguo zenye thamani zake, kama bidhaa na bei), karibu wote hunasa hapa:

def weka(bidhaa, bei, kapu={}):
    kapu[bidhaa] = bei
    return kapu

Unaita weka("unga", 2400), kapu linarudi na unga. Sawa. Anakuja mteja wa pili, unaita weka("sukari", 3000), kapu linarudi na unga na sukari. Unga ni wa yule wa kwanza! Mwanafunzi anakagua data yake, anaanzisha programu upya, mambo yanatulia kwa mteja mmoja, halafu yaleyale.

Chanzo ni kwamba Python hutengeneza ile {}, yaani kamusi tupu, mara moja tu, inapopita kwenye mstari wa def. Tangu hapo kila anayeita bila kuleta kapu lake anapewa lilelile. Andika print(weka.__defaults__) ujionee: unga na sukari vimo humo.

Dawa yake:

def weka(bidhaa, bei, kapu=None):
    if kapu is None:
        kapu = {}
    kapu[bidhaa] = bei
    return kapu

Tafadhali usifupishe kwa kuandika if not kapu. Kamusi tupu nayo huhesabiwa kuwa si kweli, kwa hiyo mtu akikuletea kapu lake tupu utaliacha kando na kujaza jingine, naye atashangaa la kwake halina kitu.

Kufuta funguo huku ukiizungukia kamusi hakusumbui sana, maana Python yenyewe inagoma na kutoa RuntimeError. Zungukia list(kapu), yaani nakala ya funguo zake, basi.

Linaloniumiza zaidi ni lile lisilopiga kelele. Mtu ameogopa KeyError, kosa linalotokea ufunguo usipokuwemo kwenye kamusi, akaandika hivi (hapa bei ni kamusi ya bei za bidhaa, na get hurudisha 0 bidhaa isipokuwemo):

jumla += bei.get(bidhaa, 0)

Keshia akikosea akaandika "chunvi" badala ya "chumvi", programu haisemi neno. Chumvi inatoka bure na hesabu ya jioni haifungi. Kwenye kuhesabu idadi, get yenye 0 inafaa kabisa. Kwenye bei mimi huandika bei[bidhaa], nikaiacha ianguke: KeyError: 'chunvi', pamoja na namba ya mstari wenyewe.