Samaki Mwoga wa Maji Chumvi: Dhana Potofu na Ukweli

Wiki ya kwanza baada ya kumtia samaki mpya tangini huwavuruga wafugaji wengi. Umemngoja, umemzoesha maji polepole, kisha anaingia chini ya jiwe na kupotea. Hapo ushauri unaanza kumiminika, na mwingi wake humwongezea samaki hofu aliyokuja nayo.

Dhana: Punguza mawe, akikosa pa kujificha atazoea

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana ukiisikia mara ya kwanza inaingia akilini. Ukweli ni kinyume chake. Mchukue fayafishi, *Nemateleotris magnifica*, yule mwembamba mwenye mwili mweupe mbele, mwekundu mkiani, na mwiba mrefu wa pezi la mgongoni. Mchana, huko baharini, hashindi ndani ya tundu. Huelea juu yake, kichwa kikielekea mkondo, akidonoa planktoni, yaani viumbe wadogo mno wanaochukuliwa na maji, inayopita. Akiona kivuli, anarudi tunduni kwa kasi ambayo jicho haliifuati. Ujasiri wake wote unatokana na kujua tundu liko wapi. Ukimwondolea tundu hilo, atajibana nyuma ya pampu, rangi imefifia, mapezi yamekunjwa. Na hofu ya muda mrefu hudhoofisha kinga ya mwili, hata vimelea kama *Cryptocaryon irritans*, wanaoleta ugonjwa wa madoa meupe, wakapata mwanya.

Kwa hiyo ongeza maficho. Panga mawe yaache mapango yenye milango miwili, ili anayefukuzwa asikwamie ndani. Mengine yawe membamba kiasi kwamba mwili wake unapita na wa samaki mkubwa haupiti. Kipande cha bomba la plastiki kinafaa kabisa, samaki hajali uzuri wake. Weka tundu moja au mawili upande wa mbele wa tangi, maana akiwa na makao karibu na kioo utamwona mara nyingi zaidi.

Ukishapanga, usipangue. Fayafishi wangu wa kwanza nilikuwa nikimwinulia jiwe kila jioni nihakikishe yu hai. Kila jioni nilikuwa nambomolea nyumba. Nilipoacha kutia mkono, siku ya nne niliona ncha ya ule mwiba mweupe ikichungulia ukingoni mwa jiwe, ikarudi, ikachungulia tena. Wiki ya pili ilipokwisha alikuwa akielea shibiri nzima juu ya tundu, akitikisa pezi juu chini.

Dhana: Samaki anayejificha ni mgonjwa

Mgeni anaweza kujificha siku kadhaa, hata wiki mbili, na asiwe na neno. Mtazame kwa mbali. Akiwa anapumua kwa utulivu, macho maangavu, tumbo halijabonyea, mwache.

La kukushtua ni samaki aliyekuwa jasiri kisha akaanza kujificha ghafla. Huyo anakueleza jambo. Pima maji siku hiyohiyo: amonia na naitraiti, sumu zinazotokana na uchafu wa tangi, ziwe sifuri, joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, na uzito wa maji ya chumvi, ukilinganishwa na wa maji safi, uwe kama 1.025. Maji yakiwa sawa, tafuta mnyanyasaji. Kaa kimya mbele ya tangi nusu saa wakati wa kulisha, utamwona anayewakimbiza wenzake. Mapezi yaliyochanika ni ushahidi tosha.

Dhana: Mletee mwenzake wa aina yake, atachangamka

Inategemea ni nani. Fayafishi wawili wasio jozi, ndani ya tangi dogo, mara nyingi hupigana mpaka mmoja afe au aruke nje. Kinachomsaidia mwoga ni jirani mpole wa aina nyingine anayeogelea wazi bila wasiwasi, kwa mfano kromisi wa kijani, *Chromis viridis*. Mwoga akiwaona wenzake wanacheza katikati ya maji anaelewa kwamba hakuna adui karibu. Ila mwoga aingizwe kwanza, kabla ya wenye ubabe. Samaki aliyekwisha kushika eneo ni vigumu kumfukuza.

Dhana: Gonga kioo mara kwa mara azoee kelele

Usigonge. Sauti husafiri majini kwa kasi inayozidi mara nne ile ya hewani, na samaki ana mstari wa ubavuni unaohisi kila mtikisiko. Hawezi kuyapuuza mapigo yale. Afadhali akuzoee kwa chakula: saa ileile, mahali palepale, ukisogea taratibu. Kwa mgeni asiyetoka, tumia mrija mrefu kumpelekea kamba wadogo au kopepodi (viumbe wadogo mno wa jamii ya kamba) karibu na mlango wa tundu, pampu ukiwa umezipunguza kasi. Akishakula hapo siku tatu nne, achia chakula mbali kidogo, kisha mbali zaidi. Kilichobaki kitoe, kisije kuchafua maji.

Dhana: Taa kali humtoa nje

Mwanga wa ghafla humkimbiza. Washa kwanza taa ya chumba, ya tangi ifuate baada ya nusu saa, na usiku uzizime kwa mpangilio uleule wa kurudi nyuma. Kioo cha nyuma na cha pembeni kikifunikwa kwa karatasi nyeusi, samaki haoni tena vivuli vya watu kila upande.

Dhana: Mchanga ni pambo

Kwa jofishi, *Opistognathus aurifrons*, mchanga ndio nyumba. Huchimba shimo kwa kinywa na kulijengea ukuta wa vipande vya makombe, kwa hiyo anahitaji kina cha sentimita 10 au zaidi kilichochanganyika na kokoto ndogo. Samaki wa aina nyingine hujifukia mchangani kila usiku, na wakiwa wageni hata siku kadhaa mfululizo. Usiwafukue.

Na tangi lolote la samaki mwoga lifunikwe kwa wavu wa matundu madogo. Mwoga akishtuka huruka, na wengi hufia sakafuni usiku, si kwa ugonjwa.

Dhana: Ukimtunza vizuri, mwisho atakuwa jasiri

Wapo ambao hawatakuwa, na si kosa la mtu. *Calloplesiops altivelis*, mweusi mwenye vitone vyeupe mwili mzima, ni wa jioni na giza. Ana doa kama jicho karibu na mwisho wa pezi la mgongoni. Akitishika huingiza kichwa tunduni na kuacha mkia nje, na mkia ule, pamoja na doa lake, unafanana na kichwa cha mkunga anayechungulia pangoni. Ukitaka kumwona akiwinda, zima taa zote, ngoja, kisha mulika kwa tochi yenye mwanga mwekundu hafifu, ambao samaki wengi wa matumbawe hawauoni vizuri. Utamkuta ametoka, mapezi mapana yamekunjuliwa kama feni, akimnyemelea kamba sentimita kwa sentimita.