Ukifuatilia kimbunga kwenye simu, jua kwanza umesimama upande gani

Usiku wa Ijumaa, Mei 3, 2024, watu wengi wa pwani yetu walichelewa kulala. Vyombo vilikuwa vimevutwa juu, taarifa za habari zinasema kimbunga Hidaya kiko njiani, na kwenye vioo vya simu duara la mawingu linazunguka mashariki mwa kisiwa cha Mafia. Kwenye makundi ya WhatsApp swali lilikuwa moja, linarudiwa kila dakika tano: kinatua wapi, na saa ngapi?

Sisi tunaofanya kazi ya utabiri tunalizoea swali hilo. Wapo wenzangu wanaowaona wapenzi wa hali ya hewa, wale wanaokesha na ramani za upepo na picha za setilaiti, kuwa ni wasumbufu. Mimi siwaoni hivyo. Aliyekesha ndiye anayemgongea jirani mlango. Tatizo langu nao ni jingine kabisa: karibu kila wanachokijua wamejifunza kwenye video za Florida na Louisiana, na huko upepo wa kimbunga huzunguka kinyume na huku kwetu.

Tuanze hapo, maana makosa mengi yanazaliwa hapo.

Kaskazini mwa ikweta kimbunga huzunguka kinyume na mishale ya saa. Kusini mwa ikweta, iliko Tanzania yote na pwani nzima ya Kenya, huzunguka kufuata mishale ya saa. Chanzo ni dunia yenyewe inavyojizungusha, jambo linaloupinda upepo mkono wa kulia kule kaskazini na mkono wa kushoto huku kusini. Chukua karatasi, kaskazini iwe juu. Pwani ichore kushoto, bahari kulia, na kimbunga kiwe duara linalotoka kulia kuja kushoto. Sasa pitisha kidole juu ya duara kama mshale wa saa. Kikiwa sehemu ya juu, kidole kinakwenda kulia: huo ni upepo wa kutoka nchi kavu kwenda baharini. Kikiwa sehemu ya chini kinakuja kushoto: huo ni upepo wa baharini, umebeba mvuke, unasukuma maji ufukweni. Tena upande huo wa chini mwendo wa kimbunga kizima unajumlishwa na mwendo wa upepo wake, ndiyo maana upepo huko huwa mkali kuliko upande wa juu.

Kwa maneno mengine, kimbunga kikitujia kutoka mashariki, anayepigwa zaidi ni aliye kusini mwa jicho, yaani kitovu chake.

Hidaya kilikuwa kimeshapungua nguvu kilipofika Mafia Jumamosi, Mei 4. Kilwa iko kusini ya hapo. Mvua ilimwagika huko hata barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ikakatika eneo la Somanga. Dar es Salaam, iliyo kaskazini, ilipata sehemu nyepesi ya shughuli, na kesho yake watu wakawa wanaulizana kwa kejeli kimbunga chenyewe kilikuwa wapi. Kilikuwa Kilwa. Anayefuata kanuni ya Marekani, kwamba upande hatari ni wa kulia wa njia ya kimbunga, angewatoa watu kaskazini na kuwahamishia huko huko Kilwa.

La pili ni saa. Kompyuta kubwa za utabiri, ya Ulaya na ya Marekani, huanza hesabu mpya mara nne kwa siku, na ramani zake hubandikwa alama kama 00Z au 12Z. Hiyo Z ni saa ya dunia, sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Kwa hiyo 12Z ni saa tisa alasiri yetu, na 00Z ni saa tisa usiku. Matokeo huchukua saa kadhaa kutoka. Mtu anayefungua programu saa kumi na mbili jioni anaweza kuwa anatazama hesabu iliyoanza asubuhi, akaipiga picha, akaituma kwenye kundi, na ikafika kwa shangazi yake Tanga kesho yake mchana kama "taarifa mpya". Ukipokea picha ya namna hiyo tafuta alama ya Z kwanza. Isipokuwepo, iache.

Sasa twende kwenye nguvu ya kimbunga, ambako ubishi huwa mkubwa. Wakati wa Hidaya kulikuwa na watu wanaotupiana namba tofauti za kasi ya upepo, kila mmoja anamwita mwenzake mwongo. Wote wangeweza kuwa sahihi. Kituo kilichopewa jukumu la bahari yetu na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kiko kisiwani La Réunion, chini ya Météo-France, nacho huchukua wastani wa upepo wa dakika kumi. Kituo cha jeshi la Marekani kilichoko Pearl Harbor, Hawaii, huchukua wastani wa dakika moja. Upepo huvuma kwa mikupuo, hivyo wastani wa muda mfupi hutoa namba kubwa zaidi kwa kimbunga kile kile. Hata majina ya viwango hayafanani. La Réunion huanza kutumia neno kimbunga cha kitropiki upepo ukifika kilomita 118 kwa saa, na kabla ya hapo kuna ngazi za dhoruba. Hidaya kilivuka kiwango hicho kikiwa baharini. Lile neno "kategori" linalotajwa kwenye televisheni za nje ni kipimo cha Marekani. Kulileta huku bila kusema ni dakika moja au kumi ni sawa na kutaja bei bila kusema ni shilingi ya Kenya au ya Tanzania.

Lakini kuna jambo zito zaidi ya dakika. Kule Atlantiki ndege maalumu huingia ndani ya kimbunga na kudondosha vipimo hadi usawa wa bahari. Kwetu hakuna ndege hizo. Nguvu ya kimbunga kikiwa katikati ya Bahari ya Hindi hukadiriwa zaidi kwa macho na setilaiti, kwa mbinu iliyobuniwa na Mmarekani Vernon Dvorak miaka ya 1970: mtaalamu hutazama umbo la mawingu, jinsi mikono yake inavyojisokota, jicho kama limefunguka au la, na joto la vilele vya mawingu, kisha anakipa daraja. Ni mbinu nzuri, imeokoa watu wengi. Bado ni makadirio. Namba inayoandikwa kwenye simu yako hadi kilomita moja ya mwisho haina uhakika wa namna hiyo nyuma yake, na mtabiri aliyeiandika analijua hilo.

Picha zenyewe nyingi hutoka Meteosat-9, setilaiti ya Ulaya iliyotulia juu ya ikweta kwenye longitudo 45.5 mashariki, kama kilomita 36,000 kutoka tulipo, na hupiga picha kila baada ya dakika 15. Usiku hutazama kwa joto. Rangi nyekundu au nyeupe kali unayoiona haimaanishi upepo mkali, inamaanisha kilele cha wingu ni baridi sana, yaani kimepanda juu mno. Mara nyingi kitovu hasa hakiko chini ya lile bonge la rangi. Upepo wa juu angani unaweza kuyasukuma mawingu pembeni na kukiacha kitovu wazi, kama chungu kilichokosa mfuniko, na ukiona hivyo kimbunga kiko taabuni. Ndilo jambo la kwanza ninalolitafuta asubuhi, picha ya mchana inapoanza kuonekana.

Kuhusu njia ya kimbunga nitasema kwa kifupi tu. Ule mchoro unaoanza mwembamba na kupanuka mbele kama tarumbeta hauonyeshi ukubwa wa kimbunga. Unaonyesha eneo ambamo kitovu kinaweza kupita. Mvua na upepo huvuka mipaka yake bila kuomba ruhusa. Na ramani ya siku saba zijazo yenye duara jekundu limekalia Zanzibar ni mojawapo tu ya hesabu nyingi. Ukiona inahama kilomita mia tatu kila inapotoka upya, hiyo si taarifa, ni bahati nasibu.

Aprili 2021 tuliwatahadharisha watu kuhusu kimbunga Jobo. Kikaja kikidhoofika, kikafika pwani kikiwa hakina makali, na mizaha ilikuwa mingi mitandaoni. Sikununa. Mizaha ile ilikuwa na hoja ndani yake: watu waliambiwa kimbunga kinakuja, hawakuambiwa vya kutosha kwamba kinaweza kufa njiani. Siku hizi taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huwa na mistari miwili ambayo wengi huiruka, uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Isome yote miwili kwa pamoja. Athari kubwa yenye uwezekano mdogo si tahadhari iliyokosewa jambo lisipotokea. Na ngazi zetu ni tatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zikienda na rangi ya njano, chungwa na nyekundu. Kuzitangaza kwa umma ni kazi ya Mamlaka. Mpenzi wa hali ya hewa anaweza kuzisambaza, asijitungie yake.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaosema vimbunga si mambo yetu. Ni kweli ni nadra. Karibu na ikweta ile nguvu ya kuupinda upepo hupungua hata mzunguko ukashindwa kujijenga, na Mombasa iko nyuzi nne tu kusini. Nadra si kamwe, hata hivyo. Aprili 1952 kimbunga kiliingia Lindi. Aprili 2019 Kenneth kilipiga Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo tu ya mto Ruvuma, na watu wa Mtwara wakaambiwa wajihifadhi. Mei hiyo hiyo ya Hidaya kikafuata Ialy, kikapanda kaskazini nje ya pwani ya Kenya. Na Aprili 15, 1872 kimbunga kilipiga mji wa Zanzibar kwenyewe, kikang'oa mikarafuu ya Unguja na kuharibu meli za Sultani Barghash. Miongoni mwake ilikuwemo El Majidi, ambayo hapo kabla ilikuwa Shenandoah, meli ya kivita ya waasi wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Pemba haikuumia kama Unguja, na ndipo ilipoanza kuwa kisiwa cha karafuu tunachokijua.

Limebaki jambo ambalo programu yoyote ya simu haitakwambia ila mvuvi yeyote anaweza: maji.

Kimbunga huiinua bahari kwa njia mbili. Mgandamizo wa hewa ukishuka kwa hektopaskali moja, maji hupanda kama sentimita moja. Hiyo ni sehemu ndogo. Sehemu kubwa ni upepo unaoyasukuma maji kuelekea nchi kavu na kuyazuia yasirudi. Kiasi hicho kinajumlishwa na kujaa na kupwa kwa siku hiyo. Kwenye pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, huzidi mita tatu; wakati wa maji mafu, yaani maji madogo ya nusu mwezi, ni mita moja na kitu. Basi kimbunga hicho hicho, chenye upepo huo huo, kikikuta bamvua imejaa ni balaa, kikikuta maji mafu kinaweza kuishia mchangani.

Mei 4, 2024 ilikuwa mwezi 25 Mfungo Mosi (Shawwal). Maji mafu ndiyo kwanza yanaisha. Mwezi mpya uliandama siku nne baadaye, na bamvua ikaja nao. Sijaona mtu hata mmoja katika makundi niliyoyapitia aliyeitaja hesabu hiyo, wakati wazee wetu hawafungui tanga bila kuijua. Ukifuatilia kimbunga kingine, pamoja na swali la wapi na saa ngapi, ongeza haya mawili: nitakuwa kusini au kaskazini mwa jicho, na siku hiyo mwezi ni wa ngapi?

Msimu wa vimbunga wa bahari yetu huanza Novemba na kwa kawaida huisha Aprili, ingawa mwaka 2024 Mei ilitukumbusha kuwa kalenda haina amri. Kwa wale wanaotaka kusaidia badala ya kutazama tu, kipo kitu ambacho setilaiti haiwezi kukipima vizuri ninyi mkaweza: mvua iliyofika chini. Kati ya kituo kimoja cha hali ya hewa na kingine kuna vijiji vingi visivyo na kipimo chochote. Chukua kopo la maziwa ya unga lenye kuta zilizonyooka na mdomo upana sawa na kitako. Liweke uwanjani mbali na miti na paa, lifunge kwenye kigingi lisipeperushwe. Kila siku saa tatu asubuhi, ambayo ni 06Z, chovya rula na usome kina kwa milimita. Milimita moja kwenye kopo ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba ya kijiji chako. Andika namba, tarehe na jina la mahali, mwaga maji, rudisha kopo. Kukiwa hakuna kitu, andika sifuri, maana sifuri nayo tunaihitaji.